Nyatiti, kazi ya duka na mtoto mdogo: nianze na lipi?

JaManyatta

Wakubwa, hamjambo. Niko Manyatta, Kisumu, na swali langu ni kwa wale wanaopiga ala huku wana kazi ya kuajiriwa na familia ya kulisha.

Nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini. Tunafungua saa moja na nusu asubuhi, na hadi nipange mabati, nihesabu mifuko ya simiti na nipate matatu ya kunirudisha, giza limeingia. Jumamosi tunafunga saa nane. Jumapili ni kanisa, na baada ya kanisa kuna wageni au kuna matanga. Msichana wetu ndio kwanza anaanza kutembea, na mama yake anauza mboga jioni wakati watu wanatoka kazini, kwa hiyo jioni mtoto ni wangu.

Nyatiti, ala yetu Waluo ya nyuzi nane, nilifunzwa na mjomba wangu upande wa Siaya, nikienda kwake likizo za shule. Alikuwa ananikalisha kwenye kigoda kifupi, ala imelazwa chini, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, njuga za gara juu ya kifundo. Kwanza alinifunza mguu. Vidole vilikuja baadaye sana. Hii nyatiti ninayopiga sasa ni ya kuazima na mwenyewe ameshaanza kuiulizia.

Nataka mambo matatu. Nifanye mazoezi mpaka vidole virudi pale vilipokuwa. Nitengeneze nyatiti yangu kwa mikono yangu, si zile wanazouziwa watalii. Na nirekodi nyimbo za mjomba ili binti yangu akikua azikute. Kila nikishika moja, mengine mawili yanalala. Tena tunaishi ploti, ukuta ni mmoja na jirani, na pete ikigonga ubao wa ala saa tatu usiku inasikika hadi mlango wa mwisho. Nyinyi mnagawa muda vipi? Nianze na lipi?

Fundi wa Dunga

Omera, karibu. Mimi ni fundi wa mashua hapa Dunga, na jioni nyuma ya nyumba natengeneza orutu, ile fidla ya uzi mmoja, na nyatiti. Watu hudhani kutengeneza ala ndiko kunakomaliza muda. Hapana. Sehemu kubwa ya kazi hii ni kungoja, na kungoja unaweza ukiwa dukani kwako ukiuza misumari.

Tafuta gogo bichi. Mti mbichi unachongeka kwa shoka na tezo bila ugomvi; ukishakauka utakutoa jasho. Jumamosi moja alasiri unatoa umbo la nje, nyingine unachimba tumbo. Usilifanye jembamba mara moja, acha unene wa vidole viwili. Halafu litie kwenye gunia pamoja na maranda yake yenyewe, uliweke kivulini mahali pasipo na upepo. Mti hukauka upesi zaidi kwenye ncha, pale ulipokatwa kuvuka nyuzi za mti wenyewe, na nyufa huanzia hapo hapo. Paka ncha hizo nta au rangi nzito ya mafuta. Sasa achana nalo kwa wiki kadhaa. Ukirudi, lipunguze lifike unene wa kidole kimoja. Ile mikono miwili inayotoka kwenye tumbo na mti wa juu unaoiunganisha mimi natumia mti wa siala, maana uko karibu kila boma huku kwetu na mchwa hawauonei hamu.

Ngozi ni ya ng'ombe, mbichi, kutoka machinjioni. Iloweke usiku kucha, kwangua manyoya na mafuta, uivalishe tumbo ingali laini na kuikaza kwa vijiti vilivyochongwa. Ikaukie kivulini. Juani inakaza upande mmoja kabla ya mwingine na inachanika kwenye vijiti. Na usiivalishe kati ya Machi na Mei. Masika ya huku ziwani ngozi inakaa na unyevu mpaka inanuka.

Mahali pa kutulia kabisa ni daraja la nyuzi. Ni vipande vya tete vinavyokaa juu ya ngozi kwa nta ya nyuki. Ule mvumo wa kukwaruza unaofanya nyatiti iwe nyatiti unatoka pale uzi unapogusa tete kidogo sana. Uzi ukilala mno juu yake, sauti inakufa. Ukiinuka, unapata sauti safi isiyo na mtu ndani. Sogeza tete kwa upana wa ukucha, piga, sikiliza, sogeza tena. Ndiyo maana nta. Gundi ya dukani ikishika imeshika, hairudi nyuma, lakini nta unaipasha joto kidogo na kuanza upya. Kazi hii fanya siku usiyo na haraka, mtoto amelala, redio ya jirani imezimwa.

Nyuzi nane ni nailoni ya wavuvi, za unene tofauti. Pete akukatie fundi yeyote wa jua kali kutoka kwenye bomba la chuma, ila apige tupa kingo zake, la sivyo itakukata kidole.

MuuguziNakuru

Mimi ni gitaa, si nyatiti, lakini kukosa muda nakujua, niko zamu za usiku hospitalini hapa Nakuru na nina watoto wawili.

Gitaa langu haliko kwenye begi. Limetundikwa ukutani sebuleni, juu kidogo ya mikono ya watoto. Nikitoka zamu asubuhi natia maji ya chai jikoni, na kabla hayajachemka nimelishika. Napiga kipande kimoja tu, kile kinachonishinda, polepole. Chai ikiiva naliweka. Kidogo cha kila siku kinajenga vidole kuliko mazoezi ya saa tatu mfululizo siku ya Jumapili, kwa sababu mwili hupanga kile ulichojifunza wakati umelala. Hilo limepimwa na watafiti na mimi naliona kwangu. Ukifanya kila siku, kila usiku unakusaidia.

Kuhusu jirani: usivue pete. Mguu ukizoea kunyamaza, mwendo utapotea, na mjomba wako alianza na mguu kwa sababu. Kata kipande cha sapatu kuukuu ya mpira, kifunge kwa kamba pale pete inapogonga ubao. Wewe utahisi pigo, jirani hatalisikia.

Rekodi zangu zote ni za simu. Nikuambie mambo ambayo yana maana kwa ala kama yako. Katika mipangilio zima kupunguza kelele, na kama programu uliyo nayo hairuhusu, tafuta nyingine. Simu hutengenezwa kusikiliza mtu akiongea. Mvumo wa nyatiti na njuga za gara inavihesabu kuwa kelele, inavifuta, inakurudishia ala iliyochujwa. Washa hali ya ndege mtu asikupigie katikati ya wimbo. Hifadhi kwa WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa. Chaneli moja inakula karibu MB 5 kwa dakika, kwa hiyo safisha zile picha za WhatsApp kwanza. Simu iwe kama hatua moja kutoka kwenye ngozi, iinuliwe juu ya kiti chenye nguo, isiangaliane na pete. Na chumba cha kulala chenye godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa kinashinda sebule tupu ya sakafu ya simiti.

Nilisomea Kisumu, naijua mvua yake inavyopenda alasiri na jioni. Chini ya mabati hutarekodi kitu. Amka mapema.

Jambo moja zaidi. Umesema binti. Zamani nyatiti ilikuwa ya wanaume peke yao, mwanamke hakuketi kwenye kigoda kile. Leo wanawake wanaipiga, tena jukwaani. Usimngoje akue ndipo umwekee nyimbo kwenye simu. Mkalishe karibu sasa hivi, aguse uzi.

Mwalimu Mstaafu, Webuye

Kijana wangu, nimewasoma wenzangu na wamekueleza vizuri. Lakini kuna neno ulilipita mbio. Umesema nyimbo za mjomba. Huyo mjomba yuko?

JaManyatta

Yuko, Mwalimu. Anakaribia miaka themanini. Mkono wa kushoto unamtetemeka akishika kikombe, lakini akishika nyatiti unatulia. Mpango wangu ulikuwa nipate kwanza ala yangu, nizijue nyimbo vizuri, ndipo nizirekodi mimi mwenyewe zikiwa safi.

Mwalimu Mstaafu, Webuye

Basi geuza mpango. Ala itengenezwe mwezi wowote. Vidole vyako ni vya kijana, vitarudi. Nenda Siaya kwanza.

Mimi nilifundisha litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu iliyo ndugu ya nyatiti, shuleni miaka mingi na kupeleka watoto kwenye Tamasha la Muziki la Kenya. Nyimbo nilizowafunza nilizipata kwa wazee wa huku Bungoma, nikikaa miguuni pao na daftari. Maneno yanaandikika. Namna mzee anavyouchelewesha uzi mmoja ili neno lipite kwanza, hiyo hakuna kalamu inayoiandika. Watoto wangu walipiga vizuri wakapata vyeti, nami nilifurahi, lakini kila mara nilikuwa nasikia nafasi ambayo mzee angekaa na wao wakaipita.

Usiende peke yako na simu mkononi. Mpigaji bila wasikilizaji atakupigia dakika mbili aseme wimbo umekwisha. Nyinyi Waluo mna pakruok: mtu anaisimamisha ala, anajisifu au anamsifu rafiki yake, anatoa chochote alicho nacho, ndipo muziki unaendelea. Wimbo wa nyatiti umejengwa kwa nafasi hizo za kukatizwa. Kwa hiyo waite majirani wa mjomba, wazee wenzake, pika chai, nunua mkate, acha wamsimamishe wanavyotaka. Hata kikohozi na kuku wakiingia kwenye rekodi, waache. Alichosema dada wa Nakuru kuhusu simu kifuate chote isipokuwa hicho cha chumba cha kulala. Mzee arekodiwe pale anapopigia siku zote, hata kama ni chini ya mwembe.

Simu ianze kurekodi kabla hajakaza nyuzi. Hili ndilo kubwa. Litungu na nyatiti hazifuati piano. Ile programu ya simu ya kulinganisha sauti itakuambia nyuzi zake zote nane zina kasoro, na hazina. Mwombe apige uzi mmoja mmoja, kutoka ule mzito hadi ule mwembamba, kila mmoja uachwe uishe wenyewe. Ukiwa na hizo sauti nane, nyatiti utakayoitengeneza utailinganisha na yake hata baada ya miaka ishirini.

Wimbo ukiisha, muulize unamhusu nani na uliimbwa wapi mara ya kwanza. Muulize pia upi unaweza kuwekwa mtandaoni na upi ubaki nyumbani, maana zipo sifa na zipo lawama za watu ambao watoto wao bado wanaishi kijiji hicho hicho. Jibu lake lirekodi pia. Mwanzoni mwa kila faili sema kwa sauti yako jina lake, tarehe na mahali. Jina la faili hubadilishwa na mtu yeyote, lakini sauti iliyo ndani inabaki. Ukirudi, nakala zikae zaidi ya mahali pamoja: simu ikianguka ziwani isianguke na nyimbo.

Fundi wa Dunga

Mwalimu, nakushukuru, hayo ya nyuzi moja moja nayachukua mimi pia.

JaManyatta, wewe ni mtu wa duka la ujenzi, tepu unayo. Ukiwa kwa mjomba pima urefu wa tumbo, upana wake, kina chake, mikono miwili inavyoachana pale juu, na umbali kutoka tete hadi mti wa juu kwa kila uzi. Piga picha ya daraja kutoka ubavuni, karibu sana, uone tete zimekaa vipi kwenye nta. Angalia pia vitambaa alivyozungushia uzi kwenye mti wa juu, ni mizunguko mingapi, maana huko ndiko anakokazia. Leta vipimo hivyo tuchonge ya kwako kwa kufuata yake, si yangu.

JaManyatta

Nimekaa na simu hii usiku nikisoma, chai imepoa. Asanteni kwa moyo wote.

Nimemwomba mwenye duka anipe Jumamosi, amekubali nikifidia Jumapili moja ya kuhesabu bidhaa. Mama mtoto anasema siendi peke yangu, tunaenda wote watatu, na mkate atanunua yeye. Nimempigia mjomba jioni hii. Ameuliza kama nitamletea nyuzi mpya za nailoni, nikamwambia ndiyo, akaanza kunitajia wazee atakaowaita.

Nyatiti ya kuazima nimeitundika juu ya kitanda na sapatu imefungwa ubaoni. Dada wa Nakuru, jirani hajagonga ukuta.

Fundi, sasa ni Februari. Nichonge gogo sasa au nisubiri mvua zipite?

Fundi wa Dunga

Chonga sasa. Gogo halitaki kukaushwa kwa haraka, kwa hiyo mvua hazilidhuru likiwa ndani ya gunia na maranda yake. Ngozi ndiyo ingoje Juni. Nyuzi za mjomba usizibadilishe zote kwa pamoja. Badilisha baada ya kurekodi, na ule mkongwe kabisa umwombe uje nao, tupime unene wake tununue unaofanana.

Ukitoka Siaya, Jumamosi inayofuata njoo Dunga ukifunga duka. Gogo ninalo moja, liliangushwa wiki hii, bado linatoa maji. Tezo nitakuazima. Njoo na buti na suruali ya kazi.