Kocha alimwahidi mwanangu ufadhili wa masomo, sasa anamtaka asubiri hadi Januari: je, neno letu bado linatufunga?

Baba Baraka (Houston)

Ndugu zangu, shikamooni mlionizidi umri, na wengine nawasalimu. Naishi Houston, Texas, kwa mwaka wa 14 sasa tangu nilipotoka Tanga. Mwanangu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na anacheza futiboli ya Kimarekani katika safu ya ulinzi. Mwezi Aprili kocha wa chuo kikuu kimoja alituambia, mimi na mama yake tukiwa tumekaa hapo, kwamba amemwekea kijana nafasi yenye ufadhili kamili, na kijana akakubali papo hapo. Nami nilimpa kocha mkono. Tangu siku hiyo, kila kocha mwingine alipopiga simu nilimwagiza mwanangu amjibu kwamba ameshatoa neno lake, kwa kuwa nimelelewa nikiambiwa kuwa ahadi ni deni.

Wiki iliyopita, zikiwa zimebaki wiki tatu tu kabla ya siku ya vijana kutia saini mikataba na vyuo mwanzoni mwa Desemba, kocha alipiga simu akasema kwamba nafasi zimebana, hivyo anamwomba kijana asijiunge Agosti pamoja na wenzake, bali Januari itakayofuata. Miezi hiyo ya katikati akae nyumbani, au asome masomo machache kwa gharama yetu. Alisisitiza kwamba ufadhili haujaondolewa, umeahirishwa tu. Chuo kingine, kinachocheza daraja la pili la michezo ya vyuo, bado kinamhitaji, ingawa kitalipa sehemu tu ya gharama. Naomba ushauri: tukizungumza na chuo hicho kabla ya kumwarifu kocha wa kwanza, je, tutakuwa tumefanya hila? Nimekosa usingizi kwa sababu ni mimi niliyemfunga mtoto huyu kwa ahadi ile.

Mama Zuhura (Dallas)

Pole sana, kaka yangu. Nimepita njia hiyo na kijana wangu wa kwanza, nami nilikuwa sijui kwamba ofa ya mdomo haimfungi mtu yeyote, si chuo wala mchezaji. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, zinaruhusu chuo kutoa ofa ya maandishi kuanzia tarehe 1 Agosti ya mwaka wa mwisho wa sekondari, siyo kabla. Kwa hiyo swali la kwanza ninalokuuliza ni hili: tangu Agosti hadi leo, je, mmepokea karatasi yoyote? Kama kocha alikuwa na ruhusa ya kuandika kwa zaidi ya miezi mitatu na hakuandika, basi mashaka yalianza kabla ya simu ya wiki iliyopita.

Jambo la pili ni kwamba ile barua ya kitaifa ya kujifunga na chuo, iliyotumika tangu 1964, ilifutwa Oktoba 2024. Sasa kinachowafunga ni mkataba wenyewe wa ufadhili. Usome neno kwa neno: ni wa mwaka mmoja au zaidi, unalipa ada peke yake au pamoja na chumba, chakula na vitabu? Ukishasainiwa, chuo hakiwezi kuupunguza ndani ya muda wake kwa sababu mtoto ameumia au kiwango chake kimeshuka. Ulinzi huo haumo katika kupeana mikono.

Msaidizi wa Zamani (Ohio)

Nilikuwa kocha msaidizi katika chuo kidogo kwa miaka sita, na ninataka kueleza upande ule bila kuutetea. Kila chuo hutoa ofa nyingi kuliko nafasi zake, kwa sababu wengi wanaopewa huenda kwingine, na kocha anayetoa ofa sawasawa na nafasi alizonazo atafungua msimu akiwa na kikosi pungufu. Hapo sioni dhambi. Dhambi huanza pale kijana anaposema ndiyo, naye kocha, akijua moyoni kwamba huyu ni wa akiba, anaendelea kumwacha awafungie milango wengine.

Mtindo huo wa kumchelewesha mtu hadi Januari ni wa zamani, na makocha huuita shati la kijivu. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Mississippi kilisainisha wachezaji 37 kwa mkupuo, wakati kikosi kizima kiliruhusiwa ufadhili 85 tu, na baada ya kelele ligi yao iliweka kikomo cha 28, kisha 25. Leo kikomo cha idadi ya wanaosainiwa kwa mwaka kimeondolewa. Baada ya suluhu ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA, iliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyoikubali vina ukomo wa wachezaji 105 kikosini, na mchezaji anaweza kupewa ufadhili nusu au robo. Tena, tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, hivyo makocha wengi huhifadhi nafasi kwa ajili ya watu wazima wanaohama, na vijana wa sekondari ndio wanaosukumwa pembeni. Mwanao hakukosea lolote, mzee wangu.

Mzee wa Mvita

Baba Baraka, mimi nitatofautiana kidogo na wenzangu. Kwamba sheria haikufungi hakumaanishi kuwa huna wajibu. Hata hivyo, ahadi mliyopeana ilikuwa na masharti yanayojulikana, yaani Agosti na ufadhili kamili, na aliyeyabadili ni kocha. Mwenye deni akibadili makubaliano peke yake, mdai ana haki ya kukataa. Lakini anza kwa kumwambia yeye. Kijana aongee mwenyewe, wewe ukiwa kando yake, amweleze kwamba sharti jipya hawezi kulikubali na kwamba kuanzia leo atasikiliza vyuo vingine. Halafu mkishakata simu, mpigie yule wa pili dakika hiyo hiyo, maana siku zilizobaki ni chache.

Baba Baraka (Houston)

Nawashukuru wote. Karatasi hatukupokea, dada yangu, na swali lako liliniuma. Jana jioni kijana alimpigia kocha, akamwomba aandike nafasi ya Agosti kabla ya Ijumaa, na kocha akajibu kwamba hawezi. Mwanangu akamshukuru, akamwambia kwamba atazungumza na vyuo vingine, sauti yake ikitetemeka lakini bila kukosa adabu. Baada ya simu nilimwomba radhi kwa kumzuia asiwasikilize wengine tangu Aprili.

Jumamosi tunakwenda kukitembelea chuo cha pili. Msaidizi wa Zamani, nakuomba unisaidie kwa jambo moja: nikimuuliza kocha huyu ana ofa ngapi alizozitoa kwa nafasi hiyo ya mwanangu, je, atanijibu kweli, na nimuulize kijana akiwepo au tukiwa wawili?

Msaidizi wa Zamani (Ohio)

Muulize kijana akiwepo. Usimuulize ofa ngapi, kwa sababu idadi hiyo haitakusaidia. Muulize: "Mwanangu akisema ndiyo leo, mkataba utaletwa siku gani?" Kisha nyamaza, umsubiri ajibu kwa tarehe.