Mashujaa wanne wameishia kwenye matete: kosa la jedwali au la msimulizi?

Mchezaji_Kirumba: Wadau habari za jioni. Jumamosi tumeuawa wote wanne, levo ya 3, Dungeons & Dragons ile ya 2014, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa kwa dadu. Tuko mtumbwini, goblini wanane, vile vijitu vya hadithi, wamejificha kwenye matete, mara akatokea na mamba. Msimulizi, yaani anayeendesha mchezo na maadui wote, anasema hana kosa. Goblini mmoja ni pointi 50, mamba 100, jumla 500, na wakiwa tisa unazidisha kwa 2.5, inakuja 1,250. Mwongozo unasema kwa kundi letu "gumu" inaanzia 900 na "la kuua" 1,600. Kwa hiyo kimahesabu tulitakiwa tutoke hai. Sasa ugumu wa pambano upimwe kwa jedwali au kwa macho ya msimulizi?

MzeeWaDadu: Tisa si unazidisha mara tatu? Ndivyo tulivyokuwa tunacheza sisi.

ZamuYaUsiku: Mara tatu ni kumi na moja mpaka kumi na nne, mzee. Saba hadi kumi ni 2.5. Hesabu iko sawa, tatizo liko kwingine. Mamba akikung'ata anakushikilia, na ukishashikiliwa hivyo kila anayekurushia mshale anarusha dadu mbili na kuchukua kubwa. Goblini naye akishapiga anajificha tena zamu hiyohiyo. Hao wawili ukiwaweka eneo moja, na watu wako wamekaa mtumbwini, 1,250 haina maana yoyote. Halafu hukusema mlikuwa mmeshapigana mara ngapi siku hiyo. Mwongozo ule unachukulia mapambano sita hadi nane kwa siku, na mapumziko katikati.

MzeeWaDadu: Jedwali ni mizani ya Mwaloni, pale soko la samaki. Inakupa kilo, haikuambii samaki kaoza.

DagaaKwaJumla: Mizani ya Mwaloni imewakosea nini tena? Kila kitu Mwaloni. Mzee, njoo upimiwe mbele yako, ukikuta hata gramu imepungua chukua gunia bure.

MzeeWaDadu: Kijana, ni mfano tu. Sijasema mnaiba.

DagaaKwaJumla: Umesema samaki kaoza.

Msimulizi_CapriPoint: Msimulizi mwenyewe niko hapa, mngeniuliza badala ya kunisema. Nimefuata kitabu mstari kwa mstari. Mamba ana ugumu wa nusu na uhai 19. Shujaa wa levo ya 3 anayeliwa na mamba wa nusu akacheze bao.

Mkerewe_Asilia: Nusu? Nusu ya nini? Njoo Ukerewe uwaambie akina mama wanaochota maji kwamba mamba ni nusu. Mnakaa juu ya mawe huko Capri Point, ziwa mnaliona kwa dirisha, mnatuletea hesabu za Marekani.

Msimulizi_CapriPoint: Kaka, huyo ni mamba wa kawaida wa kitabuni. Yule mkubwa kabisa ana ugumu wa 5. Na mimi nimezaliwa Nansio, kwa hiyo habari za dirisha waambie wengine.

Mkerewe_Asilia: Nansio mjini! Haya. Na kiboko je? Kitabu cha mazimwi cha 2014 hakina kiboko. Wana mnyama mwenye mwili wa dubu na kichwa cha bundi, ila kiboko hawamjui. Waulize wavuvi wanamwogopa nani usiku, mamba au kiboko.

BintiIgoma: Kiboko. Hakuna mjadala.

MzeeWaDadu: Mamba. Kuna yule Gustave aliyemaliza watu ziwani kwetu.

ZamuYaUsiku: Gustave ni wa Burundi, mzee. Mto Ruzizi na Ziwa Tanganyika.

MzeeWaDadu: Maji ni maji.

Mchezaji_Kirumba: Jamani, swali langu.

ZamuYaUsiku: Swali lako nilishalijibu, mkaenda kwenye viboko. Lile boksi la wanaoanza la 2014 linafungua na goblini wanne wanaovizia watu wa levo ya 1. Piga hesabu kwa jedwali lao wenyewe: 200 mara mbili ni 400, yaani "la kuua" kwa watu wanne, na ndiyo siku ya kwanza ya mtu kushika dadu! Ndiyo maana mwongozo wa 2024 umetupa kile kizidisho kabisa, na ngazi za ugumu zimebaki tatu.

Msimulizi_CapriPoint: Hapa tunatumia cha 2014. Cha 2024 utaninunulia wewe?

BintiIgoma: Mimi nilikuwepo Jumamosi, niseme kitu kimoja. Goblini walipata ishirini kamili, namba ya juu kabisa ya dadu, mara ngapi? Na zote nyuma ya lile boksi la viatu. Sisi tunarusha mezani kila mtu anaona, yeye anarusha gizani anatutangazia matokeo.

Msimulizi_CapriPoint: Unaniita mwongo?

BintiIgoma: Nimesema boksi la viatu.

Msimulizi_CapriPoint: Nikirusha wazi mngekufa mapema zaidi. Yule wa kwanza kushikwa na mamba, dadu ilimmaliza raundi ya pili, nikasema imekosa. Mnaponea kwa hilo boksi halafu mnalitukana.

Mchezaji_Kirumba: Subiri. Kwa hiyo unakiri ulikuwa unabadilisha?

MzeeWaDadu: Kila msimulizi anabadilisha. Acheni utoto.

ZamuYaUsiku: Basi jedwali lilikuwa la nini? Umekokotoa mpaka 1,250, halafu raundi ya pili unaamua mwenyewe nani afe.

Msimulizi_CapriPoint: Wiki hii simulia wewe, ZamuYaUsiku. Uone watu wanne wanavyokutazama dadu ikisema mmoja wao amekufa, na huyo mmoja ndiye aliyeleta soda.

ZamuYaUsiku: Wiki hii niko zamu.

BintiIgoma: Nasimulia mimi. Nyegezi, saa nane mchana, dadu juu ya meza.

Mkerewe_Asilia: Kiboko umempa ngapi?