Ubuntu 22.04: haibaneti (kuhifadhi kazi iliyo wazi kisha kuzima) inazima vizuri, ukiwasha inaanza upya

Swali
Wakuu, kompyuta ya mezani, RAM GB 16, diski ina mfumo wa mafaili wa ext4, /swapfile (faili la swapu, nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya GB 16. Nikiandika systemctl hibernate inazima. Nikiwasha, kila kitu kinaanza upya. Kazi iliyokuwa wazi inahifadhiwa wapi, na mbona hairudi?

Jibu 1
Mkuu, picha ya RAM imeandikwa ndani ya swapu. Keneli (kiini cha Linux) inasimamisha programu zote, inanakili kurasa za RAM zinazotumika, inazibana na kuziandika, kisha inaweka alama mwanzoni mwa swapu. Ukiwasha, initramfs (mfumo mdogo unaotangulia kupakiwa) inapaswa kuitafuta alama hiyo kabla diski haijafunguliwa kwa matumizi ya kawaida. Yako haijaambiwa pa kutafuta, ndiyo maana inapita tu.

Swapu ikiwa faili, inahitaji UUID (namba ya utambulisho) ya patisheni, yaani sehemu ya diski, na pia mahali faili linapoanzia:

findmnt -no UUID -T /swapfile
sudo filefrag -v /swapfile

Kwenye filefrag tazama mstari wa 0, uchukue namba ya kwanza chini ya physical_offset, bila zile nukta (..) zinazoifuata. Kisha katika /etc/default/grub (mipangilio ya GRUB, programu inayoanzisha Linux), ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ongeza haya, ukiweka ulizopata badala ya nukta:

resume=UUID=... resume_offset=...

Malizia na sudo update-grub, halafu sudo update-initramfs -u -k all. Washa upya kwanza, ndipo ujaribu.

Jibu 2
Nyongeza: ukifuta /swapfile na kuliunda tena, namba ya mwanzo hubadilika na GRUB itabaki na ile ya zamani. Na kama una Windows pembeni, tafadhali usiandike kwenye patisheni ambayo mfumo uliolala bado unaitumia. Ukiamka unaendelea na kumbukumbu ya zamani ya diski, na mafaili yanaharibika. Hilo ni baya kuliko kupoteza madirisha.

Muuliza
Imerudi, asanteni sana! Ila madirisha mengine yamevurugika rangi. Kadi ni NVIDIA, draiva ni ya kwao wenyewe.

Jibu 1
Kumbukumbu ya kadi haimo ndani ya picha ya RAM, na umeme ukikatwa inapotea. Weka faili ndani ya /etc/modprobe.d/ lenye mstari huu:

options nvidia NVreg_PreserveVideoMemoryAllocations=1

Rudia update-initramfs, kisha:

sudo systemctl enable nvidia-hibernate nvidia-resume

Washa upya. Hakikisha diski ina nafasi, maana draiva huyamwaga yaliyomo kwenye kadi katika faili la muda.