Usaili wa pili, na mwenzangu wa ndani ndiye anayekaimu nafasi hiyo

MtunzaStoo:

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Naombeni mawazo yenu, maana jambo hili linaninyima usingizi.

Huu ni mwaka wa 6 natunza stoo ya dawa katika hospitali ndogo. Tuko wawili tu, mimi na msaidizi wangu, na kadi za stoo tunajaza kwa mkono. Mwezi uliopita niliomba kazi ya usimamizi wa ghala la dawa mahali pakubwa zaidi: watumishi 7 chini yako, hesabu zote kwenye kompyuta, na chumba cha baridi. Usaili wa kwanza ulikwenda vizuri, watu watatu, dakika 40 hivi. Jana wamenipigia niende tena Jumatano ijayo. Safari hii nitakaa mbele ya mkurugenzi na mfamasia mkuu, na niandae maelezo ya dakika 10 kuhusu namna nitakavyoendesha ghala.

Tumebaki wawili, na mwenzangu ni wa humohumo. Amekaimu nafasi hiyo miezi 8. Siku ile ya kwanza yeye ndiye aliyenitembeza ghalani, kwa upole kabisa, wala hakunionyesha kinyongo. Anajua kila rafu, kila msambazaji, anajua hata mlango upi unang'ang'ania mvua ikinyesha. Mimi nitasema nini mbele ya mtu kama huyo?

Halafu kuna jambo sijamwambia mtu. Tukiwa tunatembea, macho yangu yaliangukia karatasi ya joto iliyobandikwa kwenye mlango wa friji la chanjo. Siku 31, asubuhi na jioni, kila kisanduku kimeandikwa 4.0. Hakuna 3.8, hakuna 5.1. Wino mmoja, mwandiko mmoja umelalia upande mmoja kuanzia juu hadi chini, kana kwamba mtu alikaa akaijaza yote kwa mkupuo. Friji langu likishafunguliwa mara nne asubuhi, halisomi namba moja hata siku mbili mfululizo. Sikusema kitu, nikapita.

Sasa nauliza: nimeitwa ili taratibu zikamilike tu? Na ile karatasi niitaje au ninyamaze?

NilikuwaKaimu:

Dada, hongera kwa kufika hapo. Nakujibu kutoka upande wa huyo mwenzako, kwa sababu niliwahi kuwa yeye.

Nilikaimu ukuu wa kitengo cha hesabu mwaka mmoja na miezi miwili. Nafasi ilipotangazwa niliomba, nikaingia kwenye usaili nikiamini ni yangu. Akachukuliwa mtu wa nje. Niliumia sana, sitaficha. Lakini baadaye nilielewa nilipoangukia. Mkurugenzi aliniuliza, "Ungebadilisha nini?" Nikajibu kwamba mambo yanakwenda vizuri. Ningesema nini kingine? Kila kasoro ambayo ningeitaja ilikuwa yangu, nimeishi nayo mwaka mzima bila kuirekebisha. Kaimu anabanwa hapo, na wewe hubanwi.

Yule aliyenishinda alikuja na karatasi moja, na tulipozoeana alinionyesha. Mwezi wa kwanza aliandika kwamba hatabadilisha kitu, atafunga hesabu za mwezi akiwa nasi mezani aone kazi inavyokwenda. Mwezi wa pili aliweka madeni ya zaidi ya siku 90. Mwezi wa tatu malipo ya wasambazaji. Upande wa chini kulikuwa na maswali matano ambayo, kwa maneno yake, hawezi kuyajibu mpaka aingie ndani. Naamini maswali yale yalimsaidia kuliko mipango yote, maana mgeni anayejifanya anajua nyumba ya watu anatisha.

Kwa hiyo usishindane naye kwa rafu na milango. Hapo atakushinda asubuhi na mapema. Andaa karatasi yako.

Kuhusu kuitwa kwa ajili ya taratibu tu: ofisi za namna hiyo zipo. Lakini kumwekea mtu dakika 10 za maelezo mbele ya mkurugenzi na mfamasia mkuu, mimi naona wanataka kusikia.

Mama wa Utumishi:

Mwanangu, nimekaa kwenye majopo ya usaili miaka 19. Niongeze pale alipoishia kaka.

Jopo linapomtazama mtu wa nje linaogopa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na hofu hiyo ina msingi. Mtafiti Matthew Bidwell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alichunguza kumbukumbu za benki moja ya uwekezaji huko Marekani, akachapisha matokeo mwaka 2011. Waliochukuliwa kutoka nje walilipwa karibu asilimia 18 zaidi ya waliopandishwa kutoka ndani kwenye kazi za aina ileile, ilhali miaka miwili ya mwanzo tathmini zao za utendaji zilikuwa chini. Walichokosa ni kuijua nyumba: nani anaulizwa nini, kitu gani kinapitia wapi. Wanajopo wengi hawajausoma utafiti huo, lakini wameyaona kwa macho. Waonyeshe utakavyofupisha kipindi hicho cha kujifunza. Ndiyo maana karatasi ya yule bwana ilifanya kazi.

Sasa hiyo karatasi ya joto. Usimtaje mwenzako. Uliiona ukiwa mgeni wake, na ukimsemea mezani watajiuliza kesho utamchongea nani. Pia huna hakika: huenda kipimajoto chenyewe kimekwama. Ila usilifukie jambo lenyewe, kwa sababu ni uhai wa watu. Wewe unajua kuliko mimi kwamba chanjo ya homa ya ini B au ya pepopunda ikiganda imeharibika, na kwa kuitazama tu hutaweza kujua. Basi katika zile dakika 10, dakika 3 zipe joto. Joto kati ya nyuzi 2 na 8, kusoma mara mbili kila siku, Jumapili ikiwemo, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Kipimajoto cha pili kinachohifadhi kumbukumbu chenyewe. Na nani anapigiwa simu usiku namba ikishuka chini ya 2. Mfamasia mkuu akiwa makini ataelewa.

Mkurugenzi akikuuliza waziwazi uliona nini ulipotembezwa, mwambie ukweli bila jina la mtu: niliona namba moja mwezi mzima, ningependa kwanza kulinganisha na kipimajoto kingine kabla ya kuhukumu.

Nenda na kisa ambacho hukukisimulia mara ya kwanza. Wale watatu wameshapeleka taarifa juu, ukirudia kilekile utaonekana una kimoja tu. Kisa kiwe na namba.

Na swali ambalo lazima utaulizwa, hata kwa kuzungukwa: ukipewa kazi, utaishije na huyu aliyeikosa? Hapo nimeona waombaji wazuri wakianguka, kwa sababu walijiandaa kumshinda mtu wakasahau kwamba Jumatatu watamkuta ofisini.

MtunzaStoo:

Asanteni sana, mama na kaka. Nimesoma mara tatu. Lile la Jumatatu sikuwa nimelifikiria kabisa, nilikuwa namwona kama mlango uliofungwa mbele yangu.

Usiku nilitoa daftari langu la hesabu nikatafuta kisa. Nimepata hiki: mwisho wa robo moja, kadi ilisoma makopo 140 ya amoksisilini, rafuni yalikuwepo 131. Msaidizi wangu alianza kulia, akidhani atatuhumiwa wizi. Tulikaa chini na hati za kupokelea mzigo tukazipitia moja moja hadi saa mbili usiku. Katoni moja ilikuja na hati mbili, ya msambazaji na ya dereva, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeziandika zote. Makopo 9 hayakuwahi kuwepo. Tangu siku hiyo hati inapigwa mhuri kabla haijafika kwenye kadi, na hesabu nne zilizofuata zimelingana. Mara ya kwanza nilikiacha kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nakisimulia?

Na swali la mwenzangu nimejaribu kulijibu hivi: "Nitamheshimu, nitamshirikisha, na nitamsaidia akubali mabadiliko." Mnaonaje?

Mama wa Utumishi:

Kisimulie chote, na pale pa kosa lako usipapunguze. Kama ningekuwa kwenye jopo hilo, ningetaka kujua ulimwambia nini yule binti aliyekuwa analia. Liandae jibu hilo pia.

NilikuwaKaimu:

Dada, hilo la "kumsaidia akubali" liondoe. Ningelisikia mimi siku zile ningeandika barua ya kuacha kazi. Na "kumshirikisha" kila mtu husema. Taja kazi utakayomwachia, kwa jina lake. Wasambazaji wote anawajua, umesema mwenyewe: sema mazungumzo na wasambazaji yatabaki mikononi mwake, na wiki ya kwanza utakaa naye akueleze miezi 8 ilikwendaje na nini alitaka kurekebisha akakosa nafasi.

Bosi wangu alipofika alivuta kiti akaja kukaa upande wangu wa meza, akaniuliza hilo hilo. Nikamtajia yale madeni ya zaidi ya siku 90. Akasema, "Hayo yako, niambie tu unahitaji nini." Niliyafuatilia mpaka la mwisho.