Mtaa wa India, Bagamoyo: picha ukutani, sanamu au mbao za nakshi?

Binti_Dunda
Wakuu, salaam. Kikundi chetu kinataka kuweka kazi ya sanaa Mtaa wa India, isimulie habari za mtaa wenyewe: wapagazi, pembe za ndovu, maduka ya Wahindi, tajiri Sewa Haji na misafara aliyoigharimia. Pesa ni za kuchangishana, kwa hiyo tunachagua kimoja. Picha kubwa ukutani, sanamu ya mpagazi, au mbao za mninga zenye nakshi na maelezo, nyumba kwa nyumba? Mimi naelekea kwenye picha. Wachoraji waliopita TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa Bagamoyo, tunao.

FundiChokaa
Ukuta upi, dada? Nyumba zile ni mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa chokaa unapumua: unyevu hupanda na chumvi yake ukatokea usoni. Ukiuziba kwa rangi za dukani, unavimba malengelenge, kisha rangi inabanduka na lipu yake. Nimekwangua kuta za namna hiyo hadi nimechoka. Kama lazima mchore, tafuteni ukuta wa matofali ya saruji. Na msishike brashi wala msumari kabla ya kuonana na watu wa Mambo ya Kale, idara ya serikali inayolinda majengo ya kihistoria.

mzee_wa_gati
Mimi ningependa sanamu, ila ya shaba hamuiwezi, na ya saruji chumvi itafuata nondo ndani, ipasuke. Halafu sanamu ya nani? Mwenye mnyororo au mwenye mzigo? Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, zipo tayari sanamu za watumwa watano shimoni na minyororo shingoni. Ukiwatazama unakosa la kusema. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi walikuwa watu wa ujira, wakidai posho yao. Hao nani kawakumbuka?

Kijukuu
Shikamoo mzee. Lakini pembe za huyo wa ujira zilipita njia moja na waliofungwa. Jina la mji lenyewe watu wanagombania: bwaga moyo ni kutua mzigo upumzike, au kuuacha moyo ufukweni kabla ya jahazi? Sanamu moja itasema moja. Ubao una nafasi ya maneno yote mawili.

chumvi_nyingi
Ubao wa mninga? Wiki mbili, utaukuta stuli kwa mtu 😂

Kijukuu
Kweli, hata milango ya nakshi huku pwani imeng'olewa mingi ikauzwa. Ndiyo maana uwekwe juu ya baraza inayokaliwa, wazee wakicheza bao chini yake. Nani atauiba mbele yao?

Binti_Dunda
Marahaba kwa niaba ya mzee, hajaitikia 😄 Basi picha nimeiacha. Tutaanza na mbao tatu, kwa wenye nyumba watakaokubali. Fundi, tunazitundikaje?

FundiChokaa
Msitoboe jiwe. Toboeni kwenye chokaa kati ya jiwe na jiwe, skrubu ziwe zisizoshika kutu, na mwache nafasi ya kidole nyuma ya ubao.