Toyota Fielder imegoma, fundi anasema kontroli boksi (kompyuta ya injini) limekufa. Nilipe?

Mkazi_wa_Donholm
Wadau, habari za jioni. Nina Fielder ya 2006, injini ya 1NZ, gia otomatiki. Tangu mvua zianze imekuwa ikizima ghafla, hasa kwenye foleni ya Outering. Ukiiacha itulie kidogo inawaka kama hakuna kilichotokea. Jumatatu ikagoma kabisa. Stata inazungusha kwa nguvu lakini injini haishiki.

Fundi wangu wa Kariobangi alichomeka skana, skana ikakataa kusoma. Akafunga boneti akasema, "Kontroli boksi limekufa." Anataka 38,000. Boksi anasema liko tayari kwa rafiki yake Kirinyaga Road, na likishafungwa halirudishwi. Pesa hiyo ndiyo karo ya muhula. Nitajuaje kama ni kweli?

Kamba_ya_Kuvuta
Boss, lipa uendelee na maisha. Skana ikikosa kusoma, kuna nini kingine?

FundiWaya_BabaDogo
Kuna mengi. Skana yenyewe inapata umeme kwenye ile soketi ya chini ya usukani. Fyuzi yake ikikatika haisomi chochote hata kama gari ni mpya kutoka bandarini. Mwenye gari, usilipe bado. Washa ufunguo bila kupiga stata, uangalie dashibodi. Ile taa ya manjano yenye picha ya injini inawaka?

Mkazi_wa_Donholm
Haiwaki. Ya oili na ya betri zinawaka. Hiyo ya injini iko kimya.

FundiWaya_BabaDogo
Sawa, sasa tuna pa kuanzia. Taa hiyo ikiwa kimya, mara nyingi maana yake kompyuta ya injini, yaani hilo boksi, haijaamka. Kutoamka si kufa. Kabla hujaizika, tafuta mtu mwenye mita ya kupimia volti apime vitu vitatu, na apime kwenye plagi ya boksi lenyewe, nyuma ya glovu boksi upande wa abiria. Asitosheke kuangalia fyuzi kwa macho.

Kwanza ni umeme. Boksi linalishwa kupitia fyuzi na rilei kuu ya EFI, yaani swichi inayoupa umeme mfumo wa kunyunyizia mafuta. Apime plagi ikiwa imechomekwa, kwa kupenyeza ncha ya mita kutoka nyuma ya waya. Mafundi wengi hukosea hapa: wanachomoa plagi, wanaona volti 12, wanasema umeme upo. Waya uliobaki uzi mmoja utakuonyesha volti 12 vizuri sana, lakini ukiupa kazi unalala.

Pili ni athi, yaani njia ya kurudisha umeme kwenye minus ya betri. Ufunguo ukiwa umewashwa, mita iwekwe kati ya waya wa athi wa boksi na minus ya betri. Ikizidi volti 0.2, kuna bolti yenye kutu au iliyolegea mahali.

Cha tatu ndicho kinachowapiga watu chenga. Boksi hutoa volti 5 kwenda kwa sensa, yaani vihisi vya injini, kama ile ya throto (mlango wa hewa ya injini). Toyota huuita waya huo VC. Sensa moja tu ikipiga shoti kwenye athi, volti 5 zinaanguka na kompyuta yenyewe inalala nazo. Taa ya injini haiwaki, skana haisomi, moto hautoki kwenye plagi za injini. Dalili ni zako zilezile, na boksi huenda halina ubaya. Kwa hiyo achomoe sensa zinazotumia waya huo moja moja huku wewe ukiangalia dashibodi. Taa ikiwaka, mwizi ni ile aliyoichomoa sasa hivi. Isipowaka hata kidogo, zima, toa terminali ya betri, chomoa boksi, upime kama waya wa VC unagusana na athi. Kama haugusani na bado boksi halitoi volti 5, hapo ndipo unaweza kulilaumu.

Mama_Probox
Ndugu yangu wa Donholm, gusa zulia la miguuni kwa abiria. Kama limelowa, usiangalie mbali. Probox yangu iliingiza maji hivyo: maua ya jakaranda na majani yalijazana chini ya waipa, mfereji ukaziba, maji yakatafuta njia ya kuingia ndani. Siku ya jua gari ilikuwa sawa, mvua ikinyesha usiku asubuhi ni kuomba msaada wa kusukuma.

Abiria_wa_Juja
Na tusiseme eti hivi vitu havifi. Mwaka 2010 Toyota iliita zirudishwe kurekebishwa Corolla na Matrix za 2005 hadi 2008 huko Marekani na Kanada, zaidi ya milioni 1.1, kwa sababu ya kompyuta ya injini. Lehemu ilikuwa na nyufa. Gari zilizima barabarani au zilikataa kuwaka. Ingawa hizo zilikuwa na injini ya 1ZZ, si Fielder zetu za 1NZ.

Mkazi_wa_Donholm
Mama Probox, umeona mbali. Zulia limelowa chapachapa na linanuka, na sikuwa nimeligusa kwa sababu upande ule hakai mtu.

Nimeleta fundi wa umeme mwingine nyumbani. Umeme kwenye boksi ni volti 12.1. Athi 0.03. VC ni sifuri. Tulichomoa sensa zote, taa bado kimya. Waya wa VC haugusani na athi. Tukafungua boksi. Pini za upande wa chini zina kutu ya kijani kama sarafu ya zamani, na kwenye bodi kuna mguu wa kijidude kimoja umeliwa kabisa, umebaki unga. Kwa hiyo fundi wa kwanza alisema kweli?

FundiWaya_BabaDogo
Alibahatisha. Hakupima kitu. Lakini ndiyo, boksi limekwenda.

Kamba_ya_Kuvuta
Nilisema 😂

Mtu_wa_Lehemu
Bodi inaweza kuoshwa kwa spiriti ya isopropili na mswaki laini, halafu mguu ule ukaunganishwa. Nimeona zikifufuka.

FundiWaya_BabaDogo
Zinafufuka, halafu zinakuzimia katikati ya Thika Road lori likiwa nyuma yako. Kutu ikishaingia chini ya vijidude huioni. Mimi ningenunua lingine.

Ila usinunue "boksi la Fielder". Nunua namba. Kwenye kibandiko kuna namba inayoanza na 89661, kistari, halafu tarakimu nyingine. Zote zifanane, hasa za mwisho. Gia za mkono na otomatiki, ya kuvuta magurudumu mawili na ya manne, yote hayo hubadilisha boksi. Angalia pia kama una immobilaiza (kizuia wizi kinachotambua ufunguo): ukitoa ufunguo, kuna taa nyekundu inayowaka na kuzima kwenye dashibodi? Kama ipo, boksi lingine halitautambua ufunguo wako. Itabidi mtu mwenye mashine anakili data kutoka kwa chipu ndogo ya miguu minane ya boksi la zamani aiweke kwenye jipya.

Na risiti, yenye jina la duka. Boksi lililong'olewa kwenye gari ya mtu usiku likikutwa kwako, kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupokea mali ya wizi, na "nilinunua kwa rafiki ya fundi" si utetezi wa kusimama nao mbele ya hakimu.

La mwisho, usifunge kitu kabla ya kuzuia maji. Safisha mfereji wa chini ya waipa, mwagia ndoo ya maji kwenye kioo cha mbele, mtu akae ndani na tochi. Anika zulia na sponji lake. La sivyo unanunua boksi la pili kwa ajili ya mvua inayokuja.

Mkazi_wa_Donholm
Taa nyekundu sina. Nilienda na boksi langu mkononi mpaka kwa yule rafiki wa fundi. Lake lilikuwa la gari ya 4WD, tarakimu za mwisho tofauti. Alikasirika nilipomwonyesha. Duka la tatu mtaa huohuo nikapata lenye namba ileile kwa 16,000, risiti ya eTIMS ya KRA na wiki moja ya kurudisha. Maji yalikuwa yakiingilia palepale kwenye mfereji, nimezibua.

Gari imewaka! Swali moja tu: ikisimama bila kukanyaga mafuta, injini inapanda na kushuka. Ni kawaida?

FundiWaya_BabaDogo
Kawaida. Boksi linajifunza throto yako upya. Iache ipate moto AC ikiwa imezimwa, halafu uiwashe AC, kisha uende nayo kidogo mjini. Ikiendelea hivyo baada ya siku chache, safisha throto, maana yaelekea ina masizi. Na boksi la zamani liweke nyumbani, usimwachie mtu: kesho litapanguswa kutu na kuuzwa kama limetoka Japani juzi.