Je, GMAT ni ngumu kupita kiasi, au sisi ndio tunaosoma alama zake vibaya?

Ndugu mtoa mada, umedai kwamba GMAT, mtihani wa kuingilia shahada ya uzamili ya biashara, ni mgumu kupita kiasi na hauwatendei haki watahiniwa wetu, na ushahidi wako ni vijana wawili waliofaulu hisabati vizuri sana sekondari lakini wakarudi na alama ulizoziita za aibu, 635 na 655. Naafiki kwamba vijana hao wametendewa isivyo haki, ila sioni kwamba kosa ni la ugumu wa maswali.

Hesabu za mtihani huo hazivuki kiwango cha sekondari, na katika toleo lililoanza mwishoni mwa 2023 hata jiometri imeondolewa. Kinachowaumiza watu wetu ni mazoea. Chukua swali la aina hii: duka limeuza mifuko ya sukari na ya unga, je, imeuzwa mifuko mingapi ya sukari? Taarifa ya kwanza inasema jumla ya mifuko ni 60, na ya pili inasema ya sukari ni mara mbili ya ile ya unga. Mtahiniwa haulizwi idadi yenyewe, anaulizwa kama taarifa hizo zinatosha kuipata, kila moja peke yake au zote kwa pamoja. Kijana aliyefundishwa tangu darasa la kwanza kuonyesha njia na kupigia mstari jibu la mwisho atakokotoa mpaka apate 40, na kumbe alipaswa kuishia pale alipoona kwamba zote mbili kwa pamoja zinatosha. Sehemu yenye maswali hayo ina maswali 20 kwa dakika 45, yaani dakika mbili na robo kwa kila swali, na mengine yana majedwali marefu ya kusoma.

Tena mitihani yetu ya karatasi imetuzoesha kuanza na maswali mepesi na kuyarudia magumu baadaye. Huku haiwezekani: sharti ujibu swali lililo mbele yako ndipo lije lingine, na ukifika mwisho wa sehemu na muda ukabaki, unaruhusiwa kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Kompyuta nayo huchagua swali linalofuata kwa kuangalia ulivyojibu yaliyotangulia, kwa hiyo anayefanya vizuri huletewa magumu zaidi, naye hutoka chumbani akiamini ameshindwa. Watu wawili wanaweza kukosa idadi ileile ya maswali wakapata alama tofauti, kwa sababu ugumu wa maswali waliyokutana nayo haukuwa sawa. Hilo wengi wanaliita upendeleo. Mimi naona ndiyo njia ya haki ya kumpima mtu bila kumpotezea muda kwa maswali yaliyo chini ya uwezo wake, mradi aelezwe mapema.

Ninapokasirika ni kwenye usomaji wa alama. Mizani ya zamani ilitoka 200 hadi 800, na 700 ikawa kama kizingiti cha heshima. Mizani mpya inatoka 205 hadi 805, kila alama ya jumla inaishia na 5, na mgawanyo wake umebadilishwa kiasi kwamba 645 ya leo inakaribiana na 700 ya jana. Kwa hiyo huyo kijana wako wa 655 hana sababu ya kuona aibu. Amewazidi karibu watu 90 katika kila 100 waliofanya mtihani huo.

Mdogo wangu alipata 655 hiyohiyo. Kamati moja ya ufadhili ikamwandikia barua ya mistari mitatu kwamba hakufikia kiwango cha chini cha 700. Barua hiyo ninayo. Hakuna aliyefungua karatasi ya matokeo, ambapo kando ya alama pameandikwa amewazidi watahiniwa kwa asilimia ngapi, na mtu aliyelipa zaidi ya dola 250 kufanya mtihani na kusoma usiku kwa miezi saba akakataliwa kwa kizingiti cha mizani iliyokwisha kustaafishwa.

Ndiyo maana siungi mkono pendekezo lako la kuwataka wafadhili waachane na mtihani huu. Wakiuacha, watabaki na majina ya vyuo na barua za mapendekezo, na hapo mtoto asiyejulikana na mtu yeyote atajitetea kwa nini? Ninachodai ni kwamba kila tangazo la ufadhili litaje toleo la mtihani na liweke kiwango chake kwa asilimia, na waliokataliwa kwa kulinganisha mizani mbili tofauti wafikiriwe upya. Anayepinga hilo naomba atueleze 700 yake ameipima kwa mizani ipi.